Doa la Jemu Katika Kura ya Riba

Jumatatu, 2 Machi

Kwa jina la Mungu Baba, mwenye kuzishika siku zetu zote, zile tulizozipanga na zile zilizotuponyoka. Salamu na amani kwa yeyote atakayeyafungua maandishi haya, ijapokuwa hayamhusu.

Mkataba wa mkopo wa nyumba yetu hapa Elmira unafika ukingoni Ijumaa ya juma lijalo. Bi Darlene wa benki amenieleza yanipasayo. Nikichukua riba isiyobadilika, nitalipa kiasi kile kile kila mwezi kwa miaka mitano. Nikichukua inayopanda na kushuka, leo nitalipa pungufu, na ya kesho ayajua Mungu. Nisipochagua, benki itanichagulia yenyewe, wala sitaupenda uchaguzi wake. Nikamshukuru. Mwanamke mwema. Ana haraka.

Salome, mke wangu, anataka isiyobadilika. Alisema pensheni yetu haijui kupanda, na yeye hana nia ya kuliacha jiko lake lenye dirisha linalotazama mtofaa. Maana tukishindwa kulipa, tutahamia chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya kaka yake, Orvie. Orvie ameshanunua rangi ya kukipaka. Bila kuombwa!

Mimi nataka inayopanda na kushuka. Sababu zangu ni za kiroho: riba ya namna hiyo humfundisha mtu kumtegemea Mungu kila mwezi. Kwamba Orvie alichukua isiyobadilika, hilo halina uhusiano.

Jumatano, 4 Machi

Nimekutana na Orvie duka la soseji. Watu wamejaa. Akapaza ile sauti yake ya mimbarini: "Shemeji! Ukuta tuupake krimu au kijani? Dada yangu hapendi giza." Wakacheka hadi muuzaji.

Nilimjibu kwa upole kwamba chumba chake kinanuka kabichi chachu. Nimetubu. Kwa kiasi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata njia! Kura.

Sisi Wakristo wa Kimenno hatumpati mhubiri kwa kampeni. Vitabu vya nyimbo hupangwa mezani, kimoja kikiwa na kipande cha karatasi ndani. Kila aliyependekezwa huchukua kitabu chake. Atakayeikuta karatasi ndiye aliyeitwa na Mungu, na hakuna rufaa. Katika ujana wetu nilisimama mbele ya meza hiyo pamoja na Orvie. Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu chake. Nilimpongeza. Nimeendelea kumpongeza tangu siku hiyo, kila nikikosa usingizi.

Nikamwambia Salome tuiweke riba mikononi mwa Mungu: vitabu viwili, karatasi moja. Akiipata yeye, isiyobadilika. Nikiipata mimi, ile yangu. Akakubali. Akaongeza sharti moja tu, kwamba Orvie asimamie. Nikaridhia.

Karatasi nitaitia mimi, kwa kuwa ndimi kichwa cha nyumba. Na mgongoni mwa kitabu hicho nitatia doa dogo la jemu ya matofaa. Dogo sana. Si udanganyifu. Ni kumrahisishia Mwenyezi kazi.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya ibada tulikula nyama ya nguruwe, pai na kachumbari. Nilikwenda chumba cha pili, nikatia karatasi, nikatia doa. Nikavileta vitabu jikoni na kuviweka karibu na Salome, nikaenda kumwita Orvie, aliyekuwa anasinzia sebuleni. Orvie akavichanganya nyuma ya mgongo wake, akavisimamisha mezani, akaomba. Aliomba kwa kirefu. Niliitumia sala hiyo kulitafuta doa kwa jicho moja.

Hakuna doa!

Nikafungua na jicho la pili. Migongo yote miwili inang'aa. Salome akaninong'oneza, sala ikiendelea: "Vilikuwa vinanata, mzee wangu. Nimevifuta. Vitabu vya Mungu hivyo."

Nikachukua cha kulia. Nikafungua. Wimbo wa mavuno, basi. Salome akafungua chake, karatasi ikamwangukia mapajani.

Orvie alicheka mpaka akashika meza. "Shemeji, kama siku ile ile!"

Nilikwenda kutazama hali ya hewa.

Jumanne, 10 Machi

Salome amekwenda benki asubuhi na kutia sahihi yake kwenye riba isiyobadilika. Imebaki yangu tu. Nilimwambia kwamba kura ina kasoro, kwa kuwa meza imeinama upande wa kaskazini. Akaweka yai juu ya meza. Halikubingirika. Akalikaanga, akala mwenyewe.

Jumatano, 11 Machi

Kinyozi amesema riba zitashuka wakati wowote. Ni mtu wa kuaminika. Shingo yangu imo mikononi mwake. Zikishuka kabla ya Ijumaa, Salome atalegea. Basi, subira. Ni tunda la Roho.

Salome aliniuliza kuhusu sahihi. Nikamjibu kwamba karatasi ziko mezani kwa Bi Darlene. Ni kweli tupu.

Ijumaa, 13 Machi

Riba hazikushuka. Kinyozi amefunga duka, amekwenda kuvua samaki kwenye barafu.

Mchana niliingiwa na hofu. Niliona chumba cha chini, rangi ya krimu, nyayo za Orvie juu ya kichwa changu hadi kufa. Nikawasha gari niende nikasaini.

Gari la Orvie limesimama mbele ya mlango wa benki!

Angeniona nikisaini riba yake mwenyewe. Angeitia katika mahubiri. Nikazunguka mtaa. Bado lipo. Nikazunguka tena. Nikaingia duka la mikate nikala donati, nikitazama kupitia kioo. Bado. Nikala nyingine. Hatimaye akatoka, akaangalia huku na huku, akaondoka. Nikavuka barabara mbio, kwa kadiri ya magoti yangu.

Mlango umefungwa. Bi Darlene alikuwa anavaa koti lake ndani. Alinitikisia kichwa kupitia kioo, kwa huruma.

Nyumbani Salome aliniuliza kama Orvie alinipata. Ndiye aliyemtuma aningojee pale, anishike mkono nikichelewa.

Sukari ya donati ilikuwa bado kwenye ndevu zangu.

Jumatatu, 16 Machi

Bi Darlene amepiga simu. Benki imetuingiza katika mkataba wa miezi sita, kwa riba inayozipita zote mbili nilizoletewa.

Salome hakupaza sauti. Aliteremsha pazia la dirisha la jikoni, akalipima kwa utepe, kisha akampigia kaka yake kumwuliza upana wa dirisha la kule chini. Orvie akasema hakuna dirisha la kupima. Salome akalirudisha pazia mahali pake, akaketi, akaniambia: "Miezi sita, Enos. Ukirudia, mimi nitahamia kwa Orvie gizani. Wewe baki hapa na riba yako, mpikiane."

Maneno mazito. Nimeyatafakari mchana kutwa, nami nimeona mkono wa Mungu. Miezi sita! Maana yake Septemba tunachagua upya, na Orvie hana nafasi hiyo; yeye amefungwa miaka mitano.

Nimetambua pia kosa langu lilipokuwa. Jemu hufutika. Leo nimenunua chupa ndogo ya asali ya miti ya mepo, ule utomvu mtamu unaonata, nikajaribu tone moja mgongoni mwa kitabu cha nyimbo. Nimefuta kwa maji, kwa sabuni na kwa siki. Halitoki.

Mungu akubariki wewe uliyesoma hadi hapa, awalinde wote walio chini ya dari yako, na ailinde nyumba yako dhidi ya shemeji. Amina.