Ripoti Yangu Kuhusu Maporomoko Nisiyoyaona

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimetangaza vita. Kwenye mkutano wa chama chetu cha watumiaji wa viti vya magurudumu, mwenyekiti aliuliza nani atakwenda kukagua maporomoko ya maji kabla ya ziara ya wanachama. Nikanyoosha mkono. Mkono mwingine ukanyooka palepale. Bingwa! Nani mwingine? Bwana huyu ana mabega mapana kama mlango wa ghala. Anapanda ukingo wa barabara bila kusukumwa, halafu anatabasamu. Simpendi.

Mwenyekiti akasema twende wote wawili. Atakayeleta ripoti bora atakuwa Mkuu wa Safari, na Mkuu wa Safari anapewa msaidizi na chama. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Dada yangu amenisukuma tangu ile ajali, miaka kumi na moja sasa, na wiki iliyopita aliniambia mgongo wake umekwisha. Hii ni safari yake ya mwisho na mimi. Nikishindwa, dunia yangu itabaki cherehani, dirisha na ukuta wa jirani. Nina miaka hamsini na moja. Sijawahi kuona maji yakianguka kutoka juu, ukiacha yale ya paa letu.

Nimepiga simu kwenye hoteli ya karibu na maporomoko. Mama mwenye hoteli amenipimia mlango wa bafu: sentimita sabini na mbili. Kiti changu ni sitini na sita. Raha iliyoje!

Ijumaa, 6 Juni

Mpango wa kwanza: kupanda treni ya asubuhi, nimtangulie Bingwa. Mpango wa pili: kumwambia kondakta kwamba mimi ni mkaguzi kutoka wizarani. Dada akageukia dirisha, akajifanya hanijui.

Mpango ulifanya kazi! Kondakta akakaza tai, akatupeleka daraja la kwanza. Kwa heshima yangu akakifungia kiti changu kwenye behewa la mwisho, kwa kufuli, kisije kikakwaruzwa. Tulipofika, abiria wawili walinishusha mikononi. Treni husimama hapa dakika mbili tu. Kondakta akajipapasa mfuko mmoja, akajipapasa wa pili, akatafuta ufunguo kwenye soksi. Filimbi ikalia. Kiti kikaenda zake!

Kwa saa tano nimekaa kwenye benchi la stesheni kama mzigo usio na mwenyewe. Bingwa akashuka alasiri, yumo kitini mwake, mkavu, amepumzika. Alimwomba tu kondakta wake ruhusa ya kukaa nacho karibu na mlango. Alitununulia chai. Yangu sikuigusa. Dada akanywa zote mbili.

Kiti kimerudi jioni. Kimeona nchi zaidi yangu.

Jumamosi, 7 Juni

Sentimita sabini na mbili! Mama mwenye hoteli alipima mlango pamoja na fremu zake, nje hadi nje, kama mtu anayenunua mlango mzima. Nafasi ya kupita ni sitini na mbili. Mimi ni fundi cherehani, nimepima watu miaka thelathini, na sikumwuliza ameanzia wapi kupima.

Kiti cha Bingwa ni chembamba, kinaingia bafuni kama barua kwenye bahasha. Kwa upole akasema atanifundisha kuhamia kwenye kigoda pale mlangoni. Mimi nifundishwe? Nikatoa bisibisi. Nikafungua zile pete za chuma za pembeni ninazoshika kuendesha kiti. Tukakijaribu kitupu. Kikapita! Nikapiga kelele za ushindi, nikakalia, dada akasukuma.

Kosa la mwanagenzi. Nilijaribisha nguo bila mwenye kuivaa. Uzito wangu ukatanua magurudumu na nikanasa katikati ya fremu, mbele siendi, nyuma sirudi. Kwa saa mbili nilitazama sinki, kivutio cha kwanza nilichokiona katika safari hii. Bingwa alihitaji bafu. Alisubiri kwenye korido akiimba taratibu, bila lawama, jambo lililoniumiza zaidi. Seremala alipokuja na msumeno, mama mwenye hoteli alilia. Alikuwa akiililia fremu.

Jumapili, 8 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Kutoka lango la maporomoko kuna ngazi mia na kumi na nne za kushuka. Zimeandikwa kwenye kibao, kwa fahari. Mlinzi akasema ipo njia nyingine, tambarare, ya magari ya kazi, inafika hadi kwenye uzio wa kutazamia. Ila geti lake lina kufuli, na mwenye ufunguo anaingia kazini kesho asubuhi. Bingwa akasema basi tusubiri kesho, tuingie pamoja, tuandike ripoti moja. Dada akasema hilo ni wazo zuri sana. Nikanusa hila. Mtu huyu anataka kugawana ushindi wangu! Nikasema nina ratiba.

Bingwa alipoondoka nikamweleza dada mpango. Ashuke na kiti, akiweke kando ya uzio, akipige picha maji yakiwa nyuma. Chama kikiuliza mimi niko wapi, nitasema nilikuwa nimeshika kamera. Dada akanikalisha kwenye kijiukuta cha langoni, akakunja kiti, akashuka nacho.

Nusu saa. Saa nzima. Mvua ikaja. Kibanda cha mlinzi kilikuwa hatua kumi tu kutoka nilipokaa, na bila kiti hatua kumi ni sawa na mwezini. Mlinzi mwenyewe alikwenda kula. Nilisikia maji yakinguruma huko chini, sikuona hata tone lake. Niliona ya mvua tu. Bwana mmoja akaniomba niwapige picha yeye na mkewe mbele ya lango. Nikawapiga. Wakanishukuru, wakaondoka, nikalia. Naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nililia kwa sauti, maana ile ngurumo ilinifunika.

Dada alirudi amelowa chapachapa, na uso ambao sijauona tangu tukiwa watoto. Nikauliza picha iko wapi. Akasema amesahau. Alifika, akafungua kiti, akakikalia yeye, akatazama. Akasema kwa miaka kumi na moja anatazama mashimo mbele ya magurudumu yangu, na leo ameinua uso.

Nikamwambia angepiga hata moja.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeondoka na treni ya kwanza, niwahi kukabidhi ripoti. Peke yangu! Dada alisema atabaki mpaka geti lifunguliwe. Nilimkumbusha yeye ni dada wa nani. Akasema anakumbuka vizuri mno. Mpagazi wa stesheni akanipakia.

Nimeandika kurasa nne njiani. Maporomoko hayafikiki kwa kiti cha magurudumu. Hakuna njia yoyote. Habari za lile geti nimeziacha. Kama mimi sikupita, si njia.

Alhamisi, 12 Juni

Nilisoma ripoti yangu kwenye mkutano wa chama, kwa sauti nzito. Mwenyekiti akasema, kwa masikitiko, basi ziara ifutwe. Bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alikuwa na ramani magotini. Akaanza kuikunja polepole, kila kunjo akilisawazisha kwa kidole gumba. Nikahisi vibaya. Kidogo.

Ndipo Bingwa akanyoosha mkono, akaomba radhi, akatoa picha. Geti wazi. Njia tambarare. Bingwa kwenye uzio, amelowa povu. Kando yake dada yangu, kichwa nyuma, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Hakuna aliyeniuliza kitu. Afadhali wangeniuliza! Bibi akaikunjua ramani.

Bingwa ndiye Mkuu wa Safari. Kisha akafanya jambo baya kuliko yote. Akasema yeye msaidizi hamhitaji, chama kinipe mimi, nisikose ziara. Ukumbi ukapiga makofi. Macho yote kwangu. Nikajibu kwa heshima kwamba nashukuru, lakini ninaye msaidizi wangu. Dada, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti kwamba yeye amejiandikisha kama msafiri, na kiti cha dirishani ameshalipia.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbili sijatoka. Nimetazama ukuta wa jirani. Una nyufa saba.

Lakini leo nimepata mpango! Gazeti linasema kuna mapango yenye ziwa chini ya ardhi, na Bingwa bado hajayasikia. Nitafika kabla yake. Nimekwisha kujaza fomu ya safari na kuituma. Palipoulizwa jina la msaidizi nimeandika la dada, tarehe zilezile za ziara ya chama, ili asihangaike kutafuta ruhusa ya kazini mara mbili. Yuko chumba cha pili anapanga nguo kwenye begi. Namsikia akiimba. Sijamwambia bado.

Atafurahi sana.