Kula ya Saa Nne

Jumatatu, 16 Juni
Mafunzo ya likizo ya walimu wa sekondari za Waldorf, zile za kufundisha kwa sanaa, yameanza hapa Kalangalala, Geita. Tuko kumi na watatu, nafasi ni moja: mlezi wa Kidato cha Kwanza, shule ya hapa ikifungua sekondari Januari. Tutamchagua wenyewe kwa kura wiki hii, siku haijatajwa. Nafasi ni yangu! Mke wangu Scolastika na binti yetu Vumilia wanakaa mtaa wa pili tu. Mimi nafundisha fizikia Chato, nawaona Jumapili, na wiki hii sharti tulale bwenini. Jana Vumilia kanikaribisha kiti, kaniita mgeni. Iliniuma sana.

Kikwazo: Mwalimu Coletha wa Ushirombo. Anaimba, anapuliza filimbi, anacheka na kila mtu. Mtu wa hatari.

Jumanne, 17 Juni
Mkufunzi wetu na msimamizi wa shule, Mama Wema, katuchezesha herufi kwa mikono na miguu. Eti eurithmi. Nikapewa R, nikazunguka mpaka nikaangukia viti. Coletha kapewa L, kapita kama maji. Mama Wema kasema herufi hizo mbili huku kwetu zinachanganywa sana. Nikamjibu mbele ya wote kwamba mimi ni Msukuma wa Samuye, lakini nimesoma, hazinisumbui.

Hapa hatutumii kitabu. Mwalimu huchora somo zima ubaoni kwa chaki za rangi. Nimezikusanya zote, nimezificha kwenye begi, chini ya soksi. Coletha achore kwa nyeupe tuone!

Jumatano, 18 Juni
Kachora. Upinde wa mvua, mweupe pe! Kisha katufumbisha macho, kila mmoja ataje rangi anazoziona. Mwalimu Eustace kalia. Hata mimi niliziona, sijui kwa nini.

Chaki zimevunjikia begini. Kipindi cha mwisho nimekikosa, nafua soksi. Jioni mlinzi, Mzee Ndaki, kaja mlangoni kunipa ujumbe: kesho saa nne ni kula, ukumbini, nisikose.

Nimecheka peke yangu. Wenzangu wakila, mimi nitakuwa darasani nachora upinde wa kuufunika ule wa Coletha. Chapati ni nini? Mvumilivu hula mbivu!

Alhamisi, 19 Juni
Nimechora mgodi, upinde juu yake, na jua lenye jina langu. Tumbo linanguruma. Saa tano wenzangu wakarudi, kila mmoja ananipa pole. Nikawauliza kama wameshiba.

Eustace ndiye aliyenieleza. Ilikuwa kura! Coletha sita, mimi tano, Eustace moja, ya kwake mwenyewe.

Nikamwendea Mzee Ndaki kwa hasira. Akaniambia alitamka wazi kabisa: kula, kula ya kuchagua mtu, si ya ugali. Nimepita nyumbani, nimeshindwa kumwambia Scolastika. Vumilia kaniletea kiti.

Ijumaa, 20 Juni
Coletha kanifuata. Kasema kura yake alinipa mimi. Kwao mtu hajipigii. Kasema pia fizikia haijui hata kidogo, ameshamwomba Mama Wema nije nifundishe darasa lake. Mama Wema kakubali! Januari nalala kwangu! Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la chaki.

Nikamrudishia vipande vya chaki. Kasema alijua tangu Jumanne, maana begi langu lilikuwa linaacha alama za buluu kila nilipokaa. Ana moyo yule dada. Ila tuseme kweli: bila ule mpango wa chaki, angenikumbuka?

Jumamosi, 21 Juni
Siku ya kufunga. Asubuhi Mzee Ndaki kapita: saa sita kula, ukumbini. Safari hii hanipati! Mwenye akili anajua ni kura, bado hatuna mkuu wa sekondari. Nimekata karatasi nne, zote jina langu, nikachelewa kidogo nisionekane nina pupa.

Ilikuwa pilau. Imekwisha.

Coletha alikuwa ameniwekea sahani, kaifunika vizuri. Scolastika na Vumilia nao walialikwa. Vumilia hakuniletea kiti. Kanikalia mapajani, kaniita baba, kala nyama zangu zote. Sijawahi kufurahi hivi.

Karatasi sijazitupa. Ziko kwenye soksi. Mkuu atachaguliwa tu siku moja, na Coletha hajipigii kura.