Kumtoa Lennox Kwenye Harusi ya Susan

Jumapili, 1 Agosti 1999

Nimechoka lakini nina furaha. Jana nimepiga video ya harusi ya Susan hapa Manyatta, kutoka kanisani hadi zawadi ya mwisho. Kamera begani kutwa nzima. Bega limevimba. Si kitu! Susan ni dada yake Wanja, na Wanja ndiye ninayetaka kuoa. Mama yao, Mama Susan, akiipenda hii video, nitatuma wazee kwake mwezi huu huu. Akiikataa, nimekwisha.

Wanja mwenyewe sijamwambia. Lakini nadhani anajua. Jana aliniuliza kama kamera ni nzito.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimepita saluni kumsalimia Wanja. Kosa! Ameniuliza kama video ya Susan itakuwa na maua yanayozunguka. Maua gani? Akasema harusi ya Nkirote, Lennox aliiingiza kwenye kompyuta, majina yakapita yakiruka, na maharusi wakatokea katikati ya kopa. Hilo jina la Lennox, Wanja alilitaja taratibu, kama mtu anayeonja asali. Wateja wote wakaitikia kwa kichwa.

Huyu Lennox! Tumesoma naye, na hadi darasa la tano alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Ameenda Nairobi kidogo, amerudi Embu mjini na kompyuta, sasa anavaa tai hata akienda kununua maziwa. Sina wivu. Ila ile tai inanikera.

Nikamwambia Wanja na mimi nitaweka maua. Mengi kuliko yale. Akacheka. Sijui kilikuwa kicheko cha aina gani.

Jumatano, 4 Agosti

Kompyuta ya kuingiza video hapa kwetu ni moja tu, ya Lennox. Lakini leo Lennox ameenda mji wa Maua, kule Meru, kupiga video ya mazishi! Dukani amebaki Karwirwa, mama wa makamo anayemfanyia kazi, asiyependa maneno mengi. Nikampelekea mkungu wa ndizi, nikamwambia mimi na Lennox ni kama ndugu. Alinitazama sana. Akachukua ndizi.

Akachomeka waya kutoka kamera hadi kompyuta. Nilidhani itaingia mara moja, pu! Wapi! Harusi ya muda wa saa tatu inaingia kwa muda wa saa tatu. Nikaona Lennox atarudi anikute, nikabonyeza kile kitufe cha kupeleka mbele. Pasta akaanza kukimbia madhabahuni. Karwirwa akanichapa mkono, akaanza upya.

Halafu nikaona. Ni nani amesimama kwenye meza ya zawadi, karibu na Wanja? Lennox! Na tai! Siku ile kwenye kioo cha kamera mimi nilikuwa namwona Wanja tu. Kumbe huyu alijitolea kupokea zawadi. Sufuria ikija, yeye na Wanja wanaipokea pamoja, wanacheka. Blanketi, wanacheka. Mbuzi, wanacheka mpaka Lennox anamshika Wanja bega! Jumatatu niliandika kuwa sina wivu. Ninao. Ninao mwingi.

Alhamisi, 5 Agosti

Lennox bado yuko Maua. Asante Mungu. Nimemwambia Karwirwa atoe kila mahali Lennox anapoonekana. Akauliza, kila mahali? Nikasema hata kiwiko. Akasema basi zawadi zote zinaenda. Nikamwambia harusi ni mapenzi, si sufuria. Akasema haya, shauri yako.

Tumejaza maua mpaka kichwa kinaniuma. Majina ya Susan na bwana yake Kirimi yanaanguka kama mvua. Karwirwa akanitolea kwenye kaseti mpya. Nikamwomba afute ile yote iliyobaki kwenye kompyuta. Akasema atafuta akipata nafasi.

Nyumbani wasiwasi ukanishika. Kaseti ya kwanza bado ina Lennox! Nikairudisha kwenye kamera, nikaielekeza kamera kwa shamba la jirani, nikarekodi juu yake mpaka ikaisha. Sasa ni mahindi matupu. Amani moyoni.

Jumamosi, 7 Agosti

Maafa.

Ukoo mzima ulikuwa kwa Mama Susan kutazama video. Televisheni juu ya meza, chai, mukimo. Kirimi na ndugu zake wametoka Meru. Maua yakazunguka, watu wakapiga makofi. Wanja akanitazama, akatabasamu. Nikaanza kuchagua wazee wa kutuma.

Kanisa likaisha, keki ikakatwa, maua, mwisho. Mtu akauliza zawadi ziko wapi.

Hasira ilinisahaulisha jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua. Watu hawaji kutazama harusi. Wanakuja kujiona wakitoa zawadi! Wengine walikuwa wamevaa tena nguo za siku ile. Tata Wambeti, shangazi yake Susan, alitoa mtamba, akamvuta mwenyewe mpaka mbele ya watu. Akasimama akasema hajaona hata mkia, kwa hivyo aambiwe ng'ombe wake alienda wapi ama arudishiwe. Ng'ombe yuko Meru kwa kina Kirimi. Ndugu zake Kirimi wakauliza, sasa wao wameitwa wezi?

Mama Susan akasema, mwanangu, tuwekee ile kaseti ambayo haijakatwa. Nikasema imepotea. Wanja, kwa wema wake, akatazama ndani ya begi langu akaipata. Wakaiweka. Mahindi. Wakangoja. Mahindi. Mzee mmoja akauliza yamewekwa mbolea gani. Hakuna aliyezima, kila mtu akitumaini ng'ombe atapita.

Mama Susan hajaniita mwanangu tena.

Jumanne, 10 Agosti

Karwirwa hakufuta! Lennox amerudi, amekuta harusi nzima kwenye kompyuta yake, akasikia na habari ya ng'ombe. Jana amempelekea Mama Susan kaseti. Bure! Tata Wambeti anaingia na mtamba, jina lake linapita chini kwa herufi za dhahabu. Amelia, ameomba irudishwe nyuma aingie tena. Na kwenye kila zawadi, Lennox na Wanja, wanacheka. Nasikia Mama Susan amesema wale wawili wanapendeza.

Na ni nani aliyewapiga wakapendeza? Mimi! Mwanga safi, mkono haukutetemeka! Hakuna aliyenitaja.

Jumamosi, 21 Agosti

Lennox amekuja kwangu. Na tai. Ametuma wazee kwa Mama Susan, wamepokelewa vizuri. Ruracio, sherehe ya kutoa mahari, ni mwezi ujao, na hawezi kujipiga video mwenyewe, kwa hivyo ananiomba mimi. Wanja ndiye amenipendekeza, eti hakuna mkono uliotulia kama wangu. Machozi yakanitoka. Nikasema ni mafua. Nampenda yule msichana, jamani, nampenda mpaka naumwa.

Nimekubali. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kumtoa Lennox kwa kompyuta, baada ya kumpiga. Safari hii nitamtoa kwa kamera yenyewe, hapo hapo. Wanja nitampiga mzima, Lennox nitamkata shingoni, mwanzo hadi mwisho. Wanja akiitazama hiyo kaseti, lazima ataanza kufikiria.

Leo nimefanya mazoezi na jirani, Mzee Nthiga, akiwa amesimama na mke wake. Mzee ametoka vizuri sana. Hana kichwa kabisa.