Asiyesimama Hana Jina

Ofisi ya Kulainisha Majina ya Wageni ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba tangu siku hiyo hakuna ulimi wa Kiingereza utakaojikwaa tena. Kila jina la ukoo litapunguzwa na kutamkwa kwa Kiingereza. Atakayesimama likiitwa ndiye mwenye jina. Asiyesimama hana jina, arudi kesho.

Utaratibu safi kabisa. Kesho yake Bibi Cherehani, mshonaji wa shuka za hospitali, alikaa tena benchi la pili, kofia ya sufu mapajani. Binti yake kajifungua ng'ambo ya mpaka, na bila muhuri kwenye kibali cha safari, kofia ingemfikia mjukuu ameshaota ndevu.

"Bibi, jana sikukuita?" karani akauliza.

"Uliita kitu, mwanangu. Nilidhani unakohoa."

"Hayo ndiyo matamshi yaliyoidhinishwa."

"Haya. Nitajuaje ni langu?"

"Simama tu. Kusimama ndiko ushahidi."

Basi kila jina lililokosa mwenyewe, bibi juu. Hadi saa nne alikuwa na leseni ya mbwa na cheti cha kuogelea.

"Bibi, umeogelea wapi?" jirani akamchokoza.

"Kwenye foleni hii hii. Huoni nilivyolowa jasho?"

Ikafuata, humo humo, sherehe ya kumpandisha cheo Mkurugenzi wa ofisi, ambaye jina lake la ukoo ndilo lililotangulia kukatwa. Kilibaki kipande cha kutosha kutia sahihi. Mgeni rasmi, mtu wa adabu, alikuwa amemuuliza mama mzazi wa Mkurugenzi mlangoni jinsi jina linavyotamkwa. Akaliita zima, na milima yake na mabonde yake.

Mkurugenzi akatazama dari, akimwonea huruma huyo mwenye jina refu hivyo.

Likaitwa tena. Hakuna aliyesimama. Bibi Cherehani akajishika kiuno, akasimama.

"Kanuni ni kanuni," akasema mgeni rasmi, akamkabidhi muhuri na funguo za ofisi.

Mkurugenzi akaruka. "Hilo ni jina langu."

"Tangu lini?" mama yake akauliza. "Nikikuita hilo mbele za watu, si husema nakuaibisha?"

Bibi akagonga muhuri kwenye kibali chake, akapuliza wino ukauke, akaitia kofia kikapuni.

"Mheshimiwa, kaa benchi la pili. Utaitwa."

"Kwa jina lipi?"

"Wewe simama tu, mwanangu."