Yamenywea au Yamenywewa?

Jumatatu, 10 Februari
Nimegundua jambo! Mafuta ya taa huvimba juani. Asubuhi niliyatia kwenye chupa nyembamba nikaweka alama ya mkaa shingoni. Adhuhuri yalikuwa yamepanda vidole viwili juu ya alama, na sikuongeza hata tone. Kijiji kizima cha Mwabungo ajuaye ni mimi peke yangu. Nimelitoa pipa la dukani kwangu kivulini. Kuanzia kesho nauza mchana tu, mafuta yakiwa yametuna.

Abdulrahim wa duka la ng'ambo ya barabara aliuliza kwa nini pipa langu linaota jua. Nikamwambia linapata vitamini. Na akae na lake kivulini, mjinga yule! Naye eti amepeleka posa kwa Husna, binti ya Bi Chiku, siku ileile niliyopeleka mimi. Jibu ni Jumapili.

Jumanne, 11 Februari
Sayansi haitaki kubahatisha. Nimeazima kipimajoto cha homa kwa dada Hafsa, muuguzi wa zahanati. Nikakitumbukiza pipani. Kikalia piii, kikaandika H, yaani joto limekishinda, kikanyamaza. Nilipokirudisha, Hafsa akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni mtu mzima, mnene, hana jamaa.

Jioni amerudi amefura. Amekitia kipimajoto kwapani mwa mzee wa watu, na mzee ameondoka ananuka stovu. Nimeomba radhi. Sasa napima kwa kidole.

Jumatano, 12 Februari
Bi Chiku, mpika mahamri, amenunua chupa mbili saa saba mchana. Nimemjazia mpaka mdomoni, mbele ya macho yake. Ameniombea dua, akasema mwanangu Boga una mkono wa ukarimu. Nilijiona nimeshaoa.

Alhamisi, 13 Februari
Balaa! Alfajiri Bi Chiku amekuta mafuta yameshuka hadi mabegani mwa chupa. Stovu hakuiwasha, vizibo viko vilevile. Anasema yamenywewa. Na jini! Hayakunywewa, yamenywea kwa baridi! Herufi moja tu, lakini nikimsahihisha nitakuwa nimejitaja.

Amefukiza ubani nyumba nzima. Hilo si neno. Neno ni kauli yake: nyumba yenye jini haijibu posa wala haiozi binti. Nikauliza kwa adabu kama na mafuta ya Abdulrahim yalinywewa. Akasema hayo hayapungui, jini hayapendi.

Ijumaa, 14 Februari
Dawa nimeipata. Nikimpa mafuta baridi, yataongezeka yenyewe, na badala ya jini ataona baraka. Baada ya swala nilinunua barafu ya samaki, nikayazika mafuta humo mpaka chombo kikatoka jasho. Nikajaza chupa mbili pomoni, nikazigongomea vizibo, nikampelekea zawadi. Amezipanga dirishani penye jua, juu ya beseni la unga. Nilirudi nikiimba.

Jumamosi, 15 Februari
Baraka imezidi. Vizibo vimeruka, unga wote wa mahamri umelowa mafuta ya taa.

Bi Chiku alikuja dukani kizibo mkononi. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nampenda Husna, na moyoni nilimwona akienda zake kwa Abdulrahim, ng'ambo ya barabara.

Kumbe alikuwa nyuma ya mama yake, mtandio mdomoni, anakufa kwa kicheko. Akamwambia hayakunywewa, Mama, yamenywea. Ni joto na baridi, na Boga ndiye jini. Amejua tangu Jumatano alipoliona pipa juani. Alinyamaza aone nitafika wapi.

Jumapili, 16 Februari
Nimekubaliwa! Husna amesema mume ambaye hila yake inaonekana toka barabarani hamsumbui mke. Sijamwelewa vizuri, lakini ni sifa. Abdulrahim amekuja kunipa mkono. Wake ulikuwa baridi, kama mafuta yake.

Bi Chiku ametoa masharti. Nimrudishie unga, na pipa lirudi kivulini. Nimeapa, nimelirudisha. Mimi sasa mtu mwingine kabisa. La mwisho, petroli ya jenereta ya usiku wa harusi ni juu yangu, debe zima, limejaa, mbele ya mashahidi.

Nimeijaribu petroli juani. Inavimba kuliko mafuta ya taa! Nitaipeleka adhuhuri. Harusi iwe yangu, na hasara nayo iwe yangu? Haiwezekani.