Mlango wa Hadja kwa Mguu Wangu

Jumatatu, 12 Januari 1998
Alhamdulillah, kazi! Hadja Mwantum wa Buterere anataka mlango. Wake ulivunjwa kwenye vurugu za mwaka mpya, na sasa hulala kabati likiwa limesukumwa mlangoni. Mjane, peke yake! Nimemwahidi: Alhamisi atafunga kwa ufunguo. Askari wamefunga njia ya kwake, siwezi kwenda kupima. Si neno. Kaka yake aliyejenga nyumba ni fundi wa Kigoma, ametoa vipimo: futi sita na inchi sita, kwa futi mbili na inchi nane. Tatizo dogo: mita yangu ya kupimia haijui futi.

Jumanne, 13 Januari
Sylvère, karani, mtu wa shule, kanifungua macho. Kwa Kifaransa futi ni "pied", inchi ni "pouce". Subhanallah! Mguu na kidole gumba! Ninavyo vyote, tena bure.
Radjabu, seremala wa ng'ambo ya barabara, akasikia. Akapaza sauti mbele ya wateja: inchi moja tu hii ya Burundi imetushinda, Massoudi ataziweza nane? Watu wakafa kwa kicheko. Baadaye akaja kwa upole, eti futi ni sentimita thelathini na nusu. Na nusu! Apana. Mungu hakuumba mguu wenye nusu. Mtego huo.

Jumatano, 14 Januari
Bismillah. Nimevua kiatu. Mguu mbele ya mguu juu ya ubao, kisha magumba. Mlango umetoka mzuri mno! Mama Houda, mke wangu, akauliza mbona unamfika puani. Nikamjibu mlango ukisimama kwenye nyumba yake hurefuka. Akaguna.

Alhamisi, 15 Januari
Njia imefunguliwa. Nikaupeleka kwa mkokoteni. Nikausimamisha. Ukapita mlangoni, ukaanguka sebuleni kifudifudi! Hadja akautazama. Akasema, Baba Houda, mi nilikuomba mlango, umeniletea mgeni, tena kaingia bila hodi.
Nikamweleza mlango mfupi una thawabu, kila aingiaye huinama. Akauliza kama na wenye bunduki watainama, au watapitia ile nafasi ya juu. Akamwita Radjabu. Akaja na mbao, akaunga juu, akaunga ubavuni, akipiga mluzi muda wote. Jioni Hadja akazungusha ufunguo, akafungua, akafunga tena, akalia. Wallahi, nami nililia. Amani ya mjane ni kubwa kuliko aibu yangu.

Ijumaa, 16 Januari
Baada ya swala nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Ramadhani! Mfungo umenikondesha mguu. Radjabu bado anaimba sentimita zake, maskini, elimu imempita.
Msikiti unataka rafu ya viatu, na mfadhili wa Kigoma ametoa vipimo kwa futi. Nimeikubali kabla Radjabu hajafumbua mdomo. Nimefuturu uji, bakuli juu ya bakuli, nikanyoosha mguu, nikaungoja ujae.
Umejaa. Napima.