Rudisheni Kovu Langu la Moto

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Ngozi.

Shikamoo Daktari, ingawa kwa umri ni wewe unayepaswa kuniamkia.

Mimi ndiye yule mzee mwenye baka jekundu kuanzia shavuni hadi shingoni. Kwa miaka kumi na tisa, hapa kwenye kiwanda cha samani, baka hili limejulikana kuwa kovu la moto: niliokoa watu watatu kwenye nyumba inayoungua. (Mwanzoni walikuwa wawili, watu huongezeka.) Kwa ajili yake nikafanywa Mkuu wa Usalama wa Moto, nikapewa kofia ngumu na kiti chenye mto. Jumatatu ulinivua vyote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja kwa sababu ya vinundu vilivyoota juu yake, vinavyotoa damu nikinyoa. Sikuja kuulizwa kama nimezaliwa nalo. Ukalibonyeza kwa kioo, likapauka, ukatabasamu. Kovu la shujaa halibonyezwi, jamani!

2. Ulikata kipande ukakitazama kwa hadubini. Majibu: mishipa myembamba iliyotanuka, imejaa damu, si saratani. Hapo nilishukuru sana. Lakini "hakuna kovu", nani alikuuliza?

3. Uliyasoma hayo koridoni, kwa sauti ya mnadani, na msimamizi wangu wa kazi amekaa palepale na upele wake. Nafika kiwandani, habari imenitangulia. Sasa naitwa Mzee Mishipa, na kofia wanaitaka Ijumaa.

4. Eti lilianzia tumboni mwa mama, si kosa la mtu, na umri hulikoleza. Hata uzee nao umenisaliti!

Hivyo naomba, kwa heshima zote, kipande kile kirudishwe kwenye hadubini kitafutwe vizuri. Hata moshi kidogo utatosha.

Nisalimie wauguzi wote. Yule wa dirishani aliyenicheka msalimie pia, ila kidogo.

Wako aliyevuliwa heshima,
Mkuu wa Usalama wa Moto (hadi Ijumaa)

Tanbihi: Usitafute tena. Leo binti anayepiga vanishi kaja na kichanga chake, kina baka kama langu, kuanzia paji la uso hadi jichoni. Wenzake wakanong'ona kuwa kamwagia mtoto maji ya moto. Binti analia, Daktari, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nimebonyeza baka la mtoto, likapauka, nikabonyeza langu. Atakuja kwako kesho, uliangalie na hilo jicho. Nimewaambia kiwanda kizima kwamba tumezaliwa hivi, mimi na yeye, na ile nyumba haikuwahi kuungua.